Mguu wa Kushoto

Mtaa mzima ulijua kwamba tangu Siwema atolewe plasta, hauamini tena mguu wake wa kushoto. Akirusha kisahani cha plastiki katika mchezo wao wa kulenga kikapu, uzito wote huuacha kwenye mguu wa nyuma, wa kulia, nacho huanguka kabla ya kukifikia kikapu. Sasa amebakiwa na mrusho mmoja. Akikosa, nafasi yake timuni inakwenda kwa Hidaya, mchezaji wa akiba.

"Shoga, huo mguu umeuazima?" Hidaya akamtania. "Ukanyagie, wako huo."

Uwanja ukaangua kicheko. Siwema naye akacheka, roho juu. Akapiga hatua, akauhamisha mwili mzima, akauegemeza wote kwenye mguu ule. Mguu ukamhimili. Kisahani kikapaa, watu wakakifuata kwa macho, isipokuwa yeye, aliyekuwa akiutazama mguu aliousimamia.