Chupa ya Kuangaliziwa

Katika wodi ile ya watoto njiti, waliozaliwa kabla ya wakati, mama anayekwenda kukamua maziwa humwachia jirani chupa yake. Bomba linalompa mtoto pumzi puani huishia ndani ya chupa ya maji, na mapovu yakikoma, jirani humwita nesi. Chupa hazikuwatosha watoto wote, na mtoto wa Faraja, jirani wa Tunu, alikuwa bado anangoja. Tunu alipokwenda kukamua, alimwachia Faraja chupa yake, kama kawaida.

Aliporudi na kikombe cha maziwa, chupa ilikuwa kimya. Mwanawe, aliyetolewa juzi kwenye mashine kubwa ya kupumulia, hakuwa na kitu puani. Nesi alikuwa akimfungia mtoto wa Faraja lile bomba.

"Wako anaweza mwenyewe sasa, mama," nesi alisema. "Nimemuuliza mwenzio. Kasema tangu jana hajahangaika kupumua."

Tunu alimtazama Faraja. Ndiye aliyemwamsha alfajiri ya leo, akamwonyesha kifua cha mtoto wa Tunu kinavyobonyea chini ya mbavu kwa shida ya pumzi.

"Faraja."

Faraja hakugeuka. Alikuwa ameushika mguu wa mwanawe, mdogo kama kidole gumba.

Kifua cha mtoto wa Tunu kilibonyea, kikakawia, kikapanda.

"Nesi," Tunu aliita.

Nesi akageuka, na nyuma yake maji ya ile chupa yakaanza kububujika kwa mtoto wa Faraja.