Njugu za Mfukoni

Pauline alipindua mfuko wa koti la mumewe, na njugu zikamwagika tena kitandani. Njugu za kukaanga, zina chumvi kidogo, hazina karatasi.

Mwalimu Nicodemus hakuwa mtu wa njugu. Zilimpa kiungulia. Hata hivyo, tangu Mei ya mwaka 1994, kila jioni alirudi nyumbani Suna na mfuko umejaa, akazitia kwenye bakuli na kumsogezea mkewe.

"Umezitoa wapi?"

"Sokoni tu, Mama Elvis."

Sokoni tu! Wauzaji wote wa Migori hufunga njugu kwa karatasi. Huyu wa mumewe alikuwa akimmiminia njugu mfukoni kwa kiganja chake mwenyewe. Pauline aliuwaza mkono huo wa mwanamke ndani ya koti analolifua yeye, akalisukuma bakuli kando kwa wivu.

Wivu haukuwa mgeni kwake. Wapinzani wake wa kwanza walikuwa vitabu. Mwalimu alikuwa navyo rafu tatu, vile vinavyotajwa na wasomi dunia nzima. Riwaya zilimchekesha, naye akacheka peke yake. Vya saikolojia vilimfundisha watu wanawaza nini, basi hakuona haja ya kumwuliza mkewe. Vya falsafa vilikuwa vibaya kuliko vyote. Akivisoma alikodolea macho mabati ya paa, chai ikapoa, na aliyeipika amekaa papo hapo.

Mwezi wa Aprili Nicodemus alikwenda Homa Bay kwa semina. Aliporudi, rafu zilikuwa tupu. Pauline akamwambia mchwa wamevila vyote, mabaki ameyachoma. Mwalimu aliupapasa ubao wa rafu, mzima na laini, akasema, "Pole kwa kazi." Kesho yake Pauline alipanga vikombe vyake pale, na kwa wiki chache akawa na mume wa kuongea naye.

Na sasa, njugu.

Ijumaa alijifunga leso kiunoni akaenda sokoni. Hakutafuta sana. "Anayemuuzia Mwalimu? Ni Phelesia, yule pale," wakamwonyesha. Alikuwa mzuri kuliko Pauline alivyotaka awe, na alikuwa anacheka.

Pauline hakujitambulisha. Alimeza hasira, akaagiza njugu za shilingi tano.

"Nasikia Mwalimu Nicodemus hakosi hapa."

"Huyo?" Phelesia alisokota karatasi, akaijaza njugu, akampa. "Njugu hata hataki. Anamwaga zote kwa mfuko, halafu karatasi ananyoosha polepole."

Pauline aliitazama karatasi mkononi mwake. Ukurasa wa kitabu. Chini ya mistari miwili palipigwa wino mwekundu, ule wa kusahihishia madaftari.

"Mimi nauziwa karatasi kwa kilo, zimechanganywa na magazeti," Phelesia aliendelea. "Kurasa za vitabu vyake zikitokea, ananunua, anaweka kwa debe hapa chini ya meza. Limekaribia kujaa. Kila siku namwambia, Mwalimu, beba mali yako upeleke nyumbani. Anakataa. Anasema bibi yake akiziona ataona aibu."