Ndani ya Chachu

Zuwena, mwanafunzi wa uuguzi, alikuwa ameshaamua kutokwenda kwenye mtihani. Alimwambia wifi yake, Mwanakheri, kwamba biokemia imemshinda. Hata hivyo, akisubiri unga wa maandazi uumuke, alifungua kitabu, na macho yake yakaangukia mstari mdogo: jina "enzaimu" limetokana na Kigiriki, maana yake "ndani ya chachu".

"Wifi! Njoo uone!"

Mwanakheri alikuja mbio akidhani ameungua. Zuwena akafunua beseni. Donge lilikuwa limefura, vipovu vikipasuka juu yake.

"Si unga wa maandazi huo?"

"Enzaimu hizo! Zimo ndani ya hamira, zinavunja sukari, na hewa inayotoka ndiyo inayouinua unga. Kumbe kila siku nazikanda kwa mikono yangu, halafu nalia na kitabu!"

Mwanakheri akacheka. "Basi kimbia, mtihani haujaanza. Maandazi nitachoma mimi."

Zuwena alikuwa ameshavuka kizingiti. Alikimbia ushungi ukimwangukia mabegani, na wapita njia waliompisha walimsikia akitaja kwa sauti majina marefu wasiyoyajua, kama anayewaita jamaa zake watoke nje.