Jina Lililohifadhiwa

Mchana wa manyunyu, Sikudhani alikuwa amejilaza kibarazani akisoma sheria ya uraia kwa ajili ya mtihani. Maandishi yalikuwa yakielea machoni pake kama usingizi, mpaka alipofika kwenye kifungu kimoja akaketi wima. Kilisema kwamba kichanga akiokotwa nchini, na wazazi wake wasijulikane, huhesabiwa raia wa kuzaliwa.

Miaka ishirini na miwili alikuwa mgeni asiye na kitambulisho, katika mji pekee alioujua.

"Mama," alimwambia Bi Mwanatumu, aliyemlea, aliyekuwa akichambua mchele kando yake. "Uliniokota stendi, ndivyo ulivyoniambia. Utaapa hivyo mbele ya afisa?"

Vidole vya Bi Mwanatumu vilitulia juu ya ungo.

"Unamuuliza mama yako au unamuuliza shahidi?"

Sikudhani alimsogelea.

"Aliyekuzaa alivuka mpaka kwa miguu, wewe ukiwa mgongoni," mama alisema taratibu. "Alikaa kwangu siku tatu, homa ikamchukua. Aliniachia jina lake na la kijiji chake nikutunzie. Ukitaka nitakutajia. Ukitaka nitaapa sijui kitu."

Kibaraza kizima kilionekana kuelea. Sikudhani alijua kwamba akishalisikia jina hilo, hataweza tena kusema hajui alikotoka, na kifungu kile hakitamfaa. Alifunga kitabu, akausogeza ungo, akalaza kichwa mapajani mwa mama yake, sikio moja likiwa juu, wazi, likingoja jina, huku manyunyu yakianza kukatika.