Kioo Orijino

Kwa jina la Mola ajuaye yaliyofichwa na yaliyofutwa.

Gerejini Temeke walikuwapo watatu: Mzee Shomari mwenye gari, fundi aliyeteuliwa na bima, na mlinzi wa geti.

Bima ilitaka kuweka kioo cha pembeni cha kopi. Mzee akakataa katakata, akadai orijino.

"Orijino yenyewe hiyo, mzee wangu," fundi alisema akicheka. "Usije ukasema tumekubambikia."

Mzee Shomari alikipulizia pumzi kioo ili akipanguse kwa ncha ya kanzu. Katika ukungu ule ikajitokeza namba ya gari iliyokwanguliwa, saba yake ikiwa imepinda.

Saba hiyo aliichonga yeye mwenyewe kiooni, kujikinga na wezi, siku Twaha, mume wa bintiye, aliponunua teksi. Twaha aliondoka Kipawa na abiria kabla ya Ramadhani. Hakuonekana tena, wala teksi yake.

Ukungu ukayeyuka.

"Umeona nini, mzee?" Fundi hakuwa akicheka tena.

"Nimejiona mwenyewe tu, mwanangu."

Nyuma yake, mlinzi alianza kufunga geti.

Ewe Mola, wahifadhi binti na wajukuu wanaowangojea nyumbani wote wawili, Twaha na Mzee.