Sentimita Kumi za Fundi Kesho

Ubao wa kwanza uligoma kuingia. Fundi aliusukuma kwa bega, akausukuma kwa goti, kisha akaulaza sakafuni na kuutazama ukuta kwa jicho la hakimu.

"Ukuta huu umevimba," alisema.

"Tangu lini?" aliuliza mteja, aliyekaa juu ya katoni ya vitabu, miwani puani, simu mkononi. "Maana ulipoupima ulikuwa mzima."

Mtaani walimwita Fundi Kesho. Hakulipenda jina hilo, ingawa alikuwa amelihangaikia kuliko kazi yoyote aliyowahi kupewa. Kipaji alikuwa nacho. Aliweza kuchora kabati mgongoni mwa karatasi ya msasa, mtu akatamani kuhamia ndani yake. Shida ilikuwa kulitoa kwenye karatasi. Leo mbao mbichi, kesho umeme umekatika, keshokutwa bawaba hazijafika, mtondo mgongo unauma. Kosa lilikuwa la dunia nzima, yeye tu ndiye asiyekuwemo.

Lakini mteja huyu hakuwa wa kuchezewa. Siku alipomwita alimsomea masharti: abishe hodi, apime, achore, atie sahihi, asichekeshe. Alitaka kabati la kujengewa kati ya ukuta na nguzo ya sebule, rafu sita za vitabu juu, milango minne chini. Mwisho Ijumaa, saa sita mchana.

"Mbona saa sita kamili, mama?"

"Kwa sababu saa sita na dakika moja nampigia Fundi wa Kona. Ameshakuja kupima. Alitumia dakika tano, na hakuongea."

Hilo lilimchoma. Fundi wa Kona, mtu asiyejua hata kuchonga ukingo wa droo! Kati ya nyumba zote, kazi ya nyumba hii ikienda kwa Fundi wa Kona, ingebidi ahame mtaa, au angalau afuge ndevu.

"Vitabu vyangu vina miaka saba kwenye katoni," mteja aliongeza. "Kuna fundi aliniahidi. Mdomo wake umerandwa vizuri kuliko mbao zake."

Fundi aliinamisha kichwa. Alimjua sana fundi huyo. Alikutana naye kwenye kioo kila aliponyoa.

Basi akafanya kazi. Wiki mbili nzima alilala karakana, juu ya rundo la maranda, akawaambia wenzake kwamba kazi hii ni nyeti, inataka kulindwa usiku na mchana. Wenzake walitikisa vichwa kwa heshima. Mmoja akamletea blanketi bila kuuliza swali.

Na sasa ni Ijumaa, saa nne asubuhi, na ubao umegoma.

Akatoa futi, akapima upya. Akapima tena, akaelewa.

Futi yake ilikatika ncha siku nyingi, ikabaki inaanzia kumi. Mwenye nayo hupima, kisha huondoa kumi. Alikataa kununua nyingine. Alipenda kusema kwamba fundi wa kweli anabeba vipimo machoni. Safari hii alisoma mia na tisini, akaandika mia na tisini, akaondoka akipiga mluzi, na karakana akakata mbao kwa futi nzima ya mwenzake. Nafasi ilikuwa mia na themanini. Rafu sita, ubao wa juu, ubao wa chini: vyote vimezidi sentimita kumi. Milango nayo imenenepa kwa hesabu hiyohiyo.

Visingizio vilikuja vyenyewe, vikajipanga foleni. Unyevu. Joto. Muuza mbao. Akafungua mdomo achague kimoja.

"Nimekosea mimi," alisikia mtu akisema, akashangaa kwamba sauti ni yake. "Ukuta hauna kosa. Sikuondoa kumi. Nilikuwa najisifu moyoni, nikasahau."

Mteja alivua miwani.

"Rudia."

"Nimekosea mimi."

Mteja alimtazama kama mtu anayetazama bomba lililokauka miaka likitoa maji.

"Saa nne na robo," alisema hatimaye. "Msumeno unao?"

Alikata. Alikata rafu moja moja, akipima kila moja mara tatu kwa rula ya shuleni aliyokabidhiwa na mteja. Akapunguza milango, akahamisha bawaba, akapiga msasa kingo hadi vidole vikakosa pa kukwaruzika. Ukuta, kumbe, ulikuwa umevimba kweli, kidogo tu, karibu na dari. Hakuthubutu kulisema hilo. Alipitisha penseli kuufuata uvimbe, akaranda ubao wa pembeni mpaka ukalala ukutani bila mwanya wa kupitisha karatasi.

Skrubu ya mwisho iliingia saa sita na dakika ishirini.

Fundi aliona saa, akajua. Alikusanya patasi zake polepole, mgongo kwa mteja, akisubiri kusikia simu ikipigwa.

Nyuma yake milango minne ilifunguliwa, ikafungwa. Kiganja kilipita juu ya rafu toka nguzoni hadi ukutani. Kisha simu ikapigwa.

"Fundi wa Kona? Usije. Nimepata fundi."

Akatafuta neno la kuchekesha. Akakumbuka masharti, akalimeza. Alitupia mkoba begani, akaelekea mlangoni kwa unyenyekevu ambao hakuwahi kuuvaa, na ulimbana.

"Unakwenda wapi?" aliuliza mteja. "Weka mkoba chini, ukaoge, wiki mbili za kulala kwenye maranda zinatosha. Watoto wanatoka shule saa nane, na nimewaambia leo baba yao anarudi nyumbani."