Kitambaa Chekundu Mlangoni

Mara ya kwanza mama alipochinjwa, jirani wa juu alivunja mlango. Aliingia jikoni na nyundo mkononi, roho juu, akamkuta mama amelala chali sakafuni, koo limejaa damu, na binti yake amemwinamia na kamera.

"Babu, umeniharibia," alisema binti. "Ndiyo kwanza ilikuwa inanoga."

Mama akafumbua macho, akaomba radhi, akacheka mpaka damu ikamwingia puani. Ilikuwa sharubati, rangi ya chakula na unga wa kakao. Mzee wa watu, dereva wa malori aliyestaafu, alikaa kwenye kiti cha jikoni, akanywa bilauri nzima ya maji.

Ndipo wakakubaliana: siku ya kurekodi, kitambaa chekundu kitafungwa kwenye kitasa cha nje. Ukikiona, hata usikie nini, usishuke.

Binti alisomea filamu na utangazaji, na filamu ya kutisha ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kumalizia chuo. Utafiti wake uliwakosesha raha nyumba nzima. Mama akimenya viazi, yeye anamsomea kwa sauti: damu inabadilika rangi baada ya muda gani, mtu anayekufa analia au anakoroma, kisu kinapita wapi bila kugonga mfupa. Michoro ya filamu, tukio baada ya tukio, aliibandika ukutani juu ya jiko, na mvuke wa sufuria ukaikunja pembe.

"Hebu rudia hapo pa mbavu," mama alisema siku moja. Binti akarudia, akifurahi kuwa na msikilizaji.

Mama huyu alikuwa hawezi hata kumtazama kuku akichinjwa, lakini filamu ilimkolea. Yeye ndiye aliyeshauri watandike turubai la plastiki, maana damu ikishaingia kwenye nyufa za sakafu haitoki. Yeye ndiye aliyetaka mazoezi ya kila mara, mchana, na kelele za nguvu zake zote.

"Utaumia koo, mama."

"Acha niumie. Mwalimu wako si anataka kitu cha kweli?"

Cha kweli kilikuwa kinakula nao meza moja. Baba wa kambo alikuwa na mkono usiojua mzaha. Alimpiga mama kwa mkanda, kwa sufuria, kwa mlango wa kabati, na jino moja la mama lilikwenda na maji ya sinki. Wenzake chuoni walimsifu binti kwa majeraha aliyompaka mama usoni kwenye picha za majaribio. Mengine hakuyapaka yeye. Aliona aibu, akapokea sifa na kunyamaza.

Zamani, kelele zikizidi, jirani wa juu aligonga sakafu kwa fimbo yake, na yule bwana alipunguza kasi. Siku hizi fimbo ilikuwa kimya. Baba wa kambo aliligundua hilo mapema kuliko wote, na likampendeza sana.

Siku binti aliyotakiwa kuwasilisha mpango wake chuoni, baba wa kambo alianza asubuhi. Alimkaba mama koo, akamgongesha ukutani hadi michoro ikadondoka kwenye jiko, mmoja ukashika moto.

"Nikirudi kula mchana tunamalizana," alisema. "Na ulie utakavyo. Watasema filamu imenoga."

Alipotoka, binti alimng'ang'ania mama mkono. "Twende kwa mama mdogo. Sasa hivi."

Mama aliuzima ule mchoro kwa kitambaa cha vyombo. Alipozungumza, sauti ilimtoka kwa shida. "Umehangaika na kazi hii mwaka mzima. Nenda. Mimi nitaondoka kabla hajarudi, nakuahidi."

Binti akamwamini, kwa sababu alitaka kumwamini. Akabeba kamera yake akaenda.

Mwalimu aliusikiliza mpango wote kwa makini, kisha akakuna kidevu. "Kitu kimoja sijakielewa. Mwanamke anauawa mchana kweupe. Kwa nini majirani hawaji?"

"Wameshazoea," alijibu binti.

Neno lilipomtoka alilisikia mwenyewe, akainuka. Alichukua kamera yake bila kuaga. Njia nzima alipiga simu ya mama, ikaita bila kupokelewa.

Alipanda ngazi akikimbia. Alipofika mbele ya mlango wao, alisimama ghafla.

Kitambaa chekundu kilikuwa kimefungwa kwenye kitasa.

Hakuna mtu aliyerekodi chochote. Kamera ilikuwa begani kwake tangu asubuhi. Aliyekifunga alijua maana yake, na hakutaka mtu ashuke. Binti aliwaza kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha jirani kutokuja, na kwa hiyo aliyemuua mama yake ni yeye.

Jirani wa juu alikuwa akishuka taratibu na mfuko wake wa sokoni. Alimwona, akatabasamu.

"Binti, leo mmenikomesha. Nimekaa kitandani nimeziba masikio, najiambia, mzee, kitambaa kipo, tulia."

Binti alishika kitasa; mlango ulikuwa umekomewa.

"Lakini yule mwanamume mmemtoa wapi?" mzee akaendelea. "Anajua kulia yule. Alivyokuwa anaomba asamehewe, kidogo nishuke."

Nyuma ya mlango, komeo lilivutwa.

"Vua viatu, mwanangu," alisema mama. "Nimepiga deki sasa hivi."